Naomba ushauri: taa za filamu fupi ya kijasusi

Habari zenu wakuu. Tunaandaa filamu fupi ya kijasusi, na sehemu kubwa inatokea usiku ndani ya ofisi. Sitaki ile buluu kali ya filamu za mabomu na kufukuzana kwa magari. Navutiwa na filamu ya kijasusi ya Tinker Tailor Soldier Spy (2011), London ya miaka ya 1970 iliyojaa kahawia na kijivu, chumba chenyewe tu kinakufanya usimwamini mtu.

Nina taa moja ya LED nyeupe niliyoiweka nje ya dirisha, na balbu ya njano mezani. Nikiseti rangi ya mwanga kwenye kamera (hupimwa kwa Kelvini; namba ikishuka picha inaelekea buluu, ikipanda inaelekea chungwa) iwe 3200, dirisha linatoa ubaridi ninaoutaka, lakini waigizaji wetu ni weusi na ngozi zao zinapauka kama zimepakwa majivu. Nikipandisha hadi 5600 ngozi inapendeza, ila balbu inachafua meza yote kwa rangi ya chungwa. Kupunguza rangi wakati wa kuhariri kumeleta chenga kwenye vivuli.

Je, nirekodi katikati, kama 4300, au nibaki 3200 na kuelekeza mwanga wa balbu usoni? Na upande wa giza wa uso, nikiujaza mwanga kwa ubao mweupe wa kuakisi, ile hofu haitapotea?