Nipigeje picha Siku ya Mashujaa bila kuwa kero?

Mbukwenyi wakuu. Tarehe 25 Julai nampeleka babu yangu kwenye kumbukumbu ya mashujaa hapa Dodoma, alipigana Vita vya Kagera 1978 na 1979 na familia imeniambia nipige picha maana miguu yake haiko vizuri tena. Shida yangu ni hii, mwaka juzi nilipiga kwenye ibada ya kumbukumbu ya msiba, watu wako kimya kabisa kamera yangu ikalia kacha! mama mmoja mfiwa akageuka kunitazama, yaani mpaka leo ile sura inaniuma. Sitaki kurudia. Nina lenzi ndogo ya kit, ile inayokuja na kamera, na ya 70-200 ya kuvuta mbali. Nisimame wapi, na wakati gani nisipige kabisa?

Fundi_AreaC: Wahi mdogo wangu, saa kumi na mbili uwe ushafika, chagua sehemu moja pembeni na ubaki hapo hapo na hiyo 70-200. Flashi zima, mlio zima, na kile kitaa cha kufokasi zima pia, watu wengi wanakisahau. Shata ya kimya, yaani kamera kupiga bila kulia, ni nzuri watu wakiwa wametulia ila kwenye gwaride rudisha ya kawaida, ile ya kimya inaweza kupinda miguu na bunduki zikiwa kwenye mwendo. Na usibadilishe lenzi nje, upepo wa Julai unaujua, vumbi lote litaishia kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachonasa picha.

Kisasa_Boy: Me naona dakika ya ukimya ndo picha yenyewe sasa, nyuso zinasema kila kitu. Na shata ya kimya hamna atakayesikia.

Mstaafu_Makole: Hapana mwanangu. Tarumbeta ya maombolezo ikilia shusha kamera, simama wima kama wenzako. Hata isiposikika, inaonekana. Una nafasi nyingine kibao, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kuna shada la maua, upinde na mshale, shoka, hapo wote wanapiga. Ila usivuke kamba, kule mbele ni kwa waandishi wenye vitambulisho. Na droni usithubutu bila kibali.

MamaTee: Mimi ni mjane wa mwanajeshi. Mkituona tunalia tuacheni kwanza, tukishatulia njoo unisalimie uniombe, nitakubali tu. Kinachouma ni kujikuta kwenye status ya mtu nisiyemjua, sura imevimba.

Muuliza swali: Mama shikamoo, na pole sana. Nimekuelewa. Mzee wangu wa Makole shikamoo pia, tarumbeta ikilia nitakuwa nimemshika babu mkono, kamera iko begini. Nimempigia sasa hivi, babu kasema nimpige picha nyumbani kabla hatujatoka, akiwa ameshavaa medali, pale ukutani jua la asubuhi linapopiga.

Fundi_AreaC: Hapo tumia lenzi ndogo, msogelee.