Cartagena kwa siku moja: muongozaji wa peke yetu, basi la meli au teksi ya getini?

BintiKibaha
Habari zenu wakuu. Mwezi wa kwanza tunapanda meli ya kitalii kutoka Miami, na bandari mojawapo tutakayoshuka ni Cartagena, Kolombia. Nimekwama kwenye namna ya kuuona mji. Ziara ya meli yenyewe ni dola 79 kwa kichwa, mnapakiwa kwenye basi na kundi zima. Nimempata kijana mtandaoni, muongoza watalii mwenye gari lenye kiyoyozi, anataka dola 180 kwa saa tano na tunakuwa sisi tu. Mume wangu anasema tushuke tu, teksi zimejaa getini. Aliyewahi kufika anishauri, nataka kulipia wiki hii. Nawasilisha.

Baharia Mstaafu
Binti, swali umelileta nusu. Mko wangapi? Meli inafunga gati saa ngapi na inang'oa saa ngapi? Kuna mtoto? Kuna mzee? Dola 180 kwa watu wawili ni ghali, kwa watu watano ni nafuu kuliko basi la meli. Nimepika kwenye meli hizo miaka tisa na Cartagena nimeshuka mara nyingi, lakini siwezi kukushauri gizani.

Kamaa wa Dallas
Teksi, bila kufikiria mara mbili. Kutoka bandarini pale Manga hadi mji mkongwe ni kama kilomita 3. Mimi na mke wangu tulishushwa Mnara wa Saa, tukazunguka kwa miguu mpaka alasiri, tukala samaki na wali wa nazi, tukarudi. Muongozaji wa nini? Ramani iko kwenye simu.

Mswahili wa Likoni
Kamaa, ramani itakwambia njia ya kupita, haitakwambia umesimama juu ya nini. Ukishavuka lango la Mnara wa Saa unaingia kwenye uwanja wa Plaza de los Coches. Watu wanapiga picha, wananunua peremende chini ya zile nguzo, wanacheka. Uwanja huo ndipo Waafrika waliposhushwa kutoka melini walipouzwa, miaka na miaka. Cartagena ilikuwa bandari kuu ya Uhispania ya kuingizia watumwa upande huu wa Amerika. Wewe Mwafrika umepita pale na simu mkononi na hukuambiwa na mtu?

Kamaa wa Dallas
Nilikuwa najua historia ya utumwa ipo. Hiyo ya uwanja wenyewe sikuijua, nakubali. Lakini bado mtu angeweza kuisoma kabla ya safari.

Mama Salha Columbus
Jamani huyu dada asiende kuchukua mtu getini. Ngoja nieleze yaliyotupata, ni marefu kidogo, mnivumilie.

Mwaka juzi tulishuka pale watu watano, mimi na wadogo zangu wawili na watoto wawili. Tulisema hatuna haja ya kulipia kabla. Hatujafika hata kwenye geti, kaka mmoja wa shati jeupe akatufuata na karatasi ya picha iliyopigwa plastiki, Kiingereza kinamtiririka. Dola 40, saa nne, mji mzima. Tukapanda. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza moto. Kioo cha upande wangu hakikuwa na mkono wa kuzungushia, akatoa bisibisi kwenye dashibodi na kukishusha kwa bisibisi. Nikasema moyoni haya, safari ni safari.

Kituo cha kwanza ngome, tena tuliiona kutoka barabarani, dakika kumi. Kituo cha pili duka la zumaridi. Tukakalishwa, tukaletewa maji ya baridi kwenye glasi ndogo, dada mmoja akatandika kitambaa cheusi mezani na kuanza kupanga vijiwe vya kijani kimoja kimoja kwa kibano. Dakika arobaini na tano. Tukatoka, tukajua sasa ndiyo mji. Kituo cha tatu duka jingine la zumaridi, kitambaa kile kile cheusi, maji yale yale. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mji wenyewe uko wapi?"

Mji mkongwe alitupa nusu saa na kutuhimiza kila kona. Tulipofika getini akasema dola 40 ilikuwa ya kila mtu, kwa hiyo 200. Mabegi yetu yako kwenye buti na buti hafungui. Zimebaki dakika hamsini milango ya meli ifungwe. Tulivutana pale juani, mwisho akachukua 150. Nililia chumbani siku ile, na si kwa ajili ya pesa. Mahali pale nilikuwa nimepasubiri tangu niliposoma habari zake, na picha niliyorudi nayo ni ya vijiwe kwenye kitambaa cheusi.

Baharia Mstaafu
Pole sana mama. Hao ndio papasi, wapo kila bandari, kwetu Unguja wapo na Cartagena wapo. Duka linamlipa kamisheni kwa kila kichwa anachoingiza, ndiyo maana bei yake ni ndogo.

Kwa sheria ya Kolombia muongoza watalii anatakiwa kuwa na kadi ya taaluma. BintiKibaha, mwambie huyo kijana akutumie picha ya kadi yake. Mwenye nayo haoni taabu kukuonyesha. Kisha akuandikie kwa maneno: bei ni ya gari zima, hakuna kuingia duka lolote msipoomba, tiketi za kuingilia zimo au hazimo, na mnarudishwa bandarini saa ngapi. Na usilipe zote kabla.

BintiKibaha
Asanteni, na pole Mama Salha, nimesoma mara mbili. Samahani kwa kuacha mambo. Tuko wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 11 na mama yangu mzazi, ana miaka 71 na goti linamsumbua, anatembea na mkongojo. Meli inafika saa nne asubuhi, mwisho wa kurudi saa kumi na moja na nusu jioni. Pasipoti ziko sawa, sote ni za Marekani. Mama ni Mkatoliki wa kila siku, ameshasema anachotaka yeye ni kanisa la Mtakatifu Petro Klaver tu, mengine tutajua wenyewe.

Mswahili wa Likoni
Mama wa miaka 71 mwenye mkongojo ndiyo unamtaja leo? Hapo basi la kundi limeshatoka kwenye hesabu. Basi linawashusha nje ya ukuta, muongozaji anainua kibao chake na kukaza mwendo, na watu thelathini wanamfuata kwenye njia za mawe. Mama yako ataiona migongo ya watu tu.

Baharia Mstaafu
Sasa tunaongea. Watu wanne kwa basi la meli ni dola 316. Kijana wako 180. Hesabu imejijibu hapo, kama ni mkweli. Faida moja ya basi la meli usiidharau: likikwama njiani, meli inalingoja. Gari lako binafsi likikwama, meli inaondoka. Kwa hiyo rudini bandarini si chini ya saa moja na nusu kabla. Mkifika mapema hamtakaa bure, pale kwenye jengo la abiria kuna bustani yenye kasuku wakubwa na flamingo, binti atafurahi na bibi atapata kivuli.

Ngome ya San Felipe de Barajas msimpandishe mama. Ni mteremko mrefu wa mawe, jua halina pa kujificha. Mama abaki garini kwenye baridi, baba ampandishe binti. Chini pale kuna sanamu ya Blas de Lezo, admirali wa Uhispania, jicho moja, mkono mmoja, mguu wa mti. Mwaka 1741 Waingereza walikuja na Admirali Vernon, meli zaidi ya 180, na yule mzee aliyebaki nusu mwili akawa mmoja wa walioulinda mji mpaka wakaondoka. London walikuwa wameshatengeneza medali za ushindi zenye picha ya Lezo amepiga magoti. Mwambieni mtoto kisa hicho kabla hajapanda, atazitazama zile njia za chini ya ngome kwa macho mengine.

La Popa, ile nyumba ya watawa juu ya kilima, gari linafika mpaka juu. Pale mama anaiona bandari yote bila kuchoka.

Mama Furaha wa Lubumbashi
Bandugu, nimefika Cartagena mwaka jana na parokia yetu ya Montréal. Kwa Petro Klaver mpelekeni mama kwanza kabisa, asubuhi, kabla ya makundi. Mifupa yake imelazwa kwenye sanduku la kioo chini ya altare kuu, unapiga magoti pale unaiona. Alikuwa Mjesuiti, meli ya watumwa ikifika alikuwa anaiendea bandarini na maji, matunda na dawa, pamoja na wakalimani Waafrika, kwa sababu alitaka kila mtu asikie neno la kwanza kwa lugha ya kwao. Alifariki mwaka 1654, akatangazwa mtakatifu 1888. Nje kwenye uwanja kuna sanamu yake ya shaba akiwa na Mwafrika, ziko chini kabisa usawa wa watu. Mama mmoja wa kwetu aliushika mkono wa yule Mwafrika na hakutaka kuuachia. Tulimngoja.

Lakini naomba mfikirie pia San Basilio de Palenque. Ni kama kilomita 50 kutoka mjini. Ni kijiji cha watu waliotoroka utumwa, kiongozi wao Benkos Biohó aliuawa na Wahispania mwaka 1621, na watu wake hawakurudi utumwani. Mpaka leo wana lugha yao, Kihispania kilichochanganyika na Kikongo. Baba yangu ni mtu wa Matadi, Kikongo nakisikia. Mtoto wanamwita *moná*. Ng'ombe ni *ngombe*. Karanga ni *ngubá*, vile vile tunavyosema kwetu. Wakitaka kusema watoto wengi wanatanguliza *ma*. Nilisimama kwenye ule uwanja wenye sanamu ya Benkos amekata minyororo, bibi mmoja akamwita mjukuu wake *moná*, na mimi nikageuka kama nimeitwa mimi.

Kamaa wa Dallas
Mona, ngombe, ma... hicho ni Kiswahili kabisa! Kumbe Kiswahili kilifika mpaka huko.

Mswahili wa Likoni
Hapana, tusijitwalie kisicho chetu. Ni Kikongo, amekwambia mwenyewe. Mwana na ng'ombe ni maneno ya Kibantu, tumeyarithi sote kwa babu mmoja. Waliopelekwa Cartagena wengi walitoka upande wa Kongo na Angola, Guinea na kwingine magharibi.

Ila kama unatafuta kinachofungamanisha Cartagena na pwani yetu, kipo. Drake, haramia wa Kiingereza, aliuteka mji ule mwaka 1586 na kulipwa fidia ndipo akaondoka. Mwaka huo huo Mfalme Filipo wa Pili akamtuma mhandisi Mtaliano, Antonelli, akapange kuta. Mwaka 1593 hapa Mombasa ikaanza kujengwa Fort Jesus, mchoro wa Mtaliano mwingine, Cairati, na mfalme ni huyo huyo.

Kamaa wa Dallas
Fort Jesus ni ya Wareno. Cartagena ni Wahispania. Hapo umenoa, ndugu.

Mswahili wa Likoni
Sijanoa. Tangu 1580 Filipo alikuwa amevaa mataji yote mawili, Uhispania na Ureno. Mimi nimezaliwa naiona Fort Jesus kila nikivuka feri. Nilipoyaona mawe ya matumbawe kwenye kuta za Cartagena, yale yenye alama za konokono ndani, niliweka kiganja na nikajiona niko kwetu.

Mama Salha Columbus
Na saa je? Mjihadhari na saa ya meli na saa ya mji. Zikipishana mmekwisha.

Baharia Mstaafu
Mwezi wa kwanza zinalingana, Miami na Kolombia saa ni moja. Zinapishana kuanzia Machi, Marekani wakisogeza saa mbele. Lakini mvae saa ya mkono mliyoilinganisha na ya meli, simu zinajibadilisha zenyewe.

Kuhusu Palenque, Mama Furaha, nakuheshimu, ila kwa siku hii mimi siafiki. Kwenda zaidi ya saa nzima, kurudi hivyo hivyo, na foleni ya kuingia mjini mchana si ya kubahatisha. Mama ana goti. Wakienda Palenque, mjini watabaki na kanisa tu.

Mama Furaha wa Lubumbashi
Na kanisa ndilo mama alilolitaka. Kanisa asubuhi, Palenque mchana, bandari. Ngome wameziona za kutosha. Mtoto wa miaka 11 akikaa saa moja na akina mama wa pale wakamsuka nywele, wakimsimulia jinsi, kwa masimulizi ya wazee wao, njia za kutorokea zilivyofichwa kwenye mistari ya nywele, hatasahau.

BintiKibaha
Nimemwandikia kijana jana usiku. Picha ya kadi ametuma ndani ya dakika tano, na amekubali hakuna duka. Nikamuuliza Palenque, akasema inawezekana ila bei itakuwa 240 na tuondoke bandarini saa nne na nusu kamili, tukichelewa kushuka melini tunaifuta. Mume wangu sasa kageuka, anataka Palenque kuliko mimi. Mama nimemsomea ile ya mkalimani na lugha ya kwao, akanyamaza, kisha akauliza kama kwenye gari kutakuwa na mahali pa kunyoosha mguu. Sijalipa bado.

Mama Salha Columbus
Muulize ni gari aina gani, na akutumie picha ya ndani. Viti vya nyuma hasa.

Kamaa wa Dallas
Mkipita zile nguzo za Plaza de los Coches nunueni *cocada*. Ni kashata ya nazi kabisa, nyingine wanaitia sukari guru.

Mswahili wa Likoni
Kashata ya nazi yenye sukari guru? Inakuwa ngumu au laini?