Mdogo wangu kashinda bahati nasibu Houston, ritani ya kodi inamtoa usingizi

MwalimuWete

Asalaam alaykum wapendwa. Naandika kutoka Wete kwa niaba ya mdogo wangu aliyeko Houston, Texas. Ana grini kadi, anafanya kazi ya ghala zamu ya usiku, hajaoa, na kwa mwaka anaingiza kama dola 41,000.

Mwaka jana, 2025, yeye na wenzake wanne wa zamu moja walichangishana wakanunua tiketi ya Powerball. Zikatoka namba nne pamoja na ile ya mpira mwekundu, na zawadi yake ni dola 50,000. Kwa kuwa tiketi alikuwa nayo yeye, yeye ndiye aliyekwenda kudai. Wakakata asilimia 24, yaani 12,000, akatoka na 38,000 wakagawana sawa kwa sawa, 7,600 kila mtu. Mpaka hapo hapana tatizo.

Januari ikamfikia fomu ya taarifa ya ushindi, inaitwa W-2G. Jina lake peke yake, na 50,000 zote. Sasa kila mtu kazini ana lake. Mmoja anamwambia usiandike kitu, kodi ishakatwa. Mwengine anamwambia andika 10,000, ndiyo fungu lako. Wa tatu anamwambia ukiandika 10,000 na serikali inaona 50,000, subiri wakaguzi. Hunipigia baada ya Isha, kwao huwa saa tano asubuhi, ndiyo kwanza katoka kazini na ndiyo wakati wake wa kulala. Hapati usingizi. Sauti yake naijua tangu mdogo, na sasa hivi ni sauti ya mtu aliyeelemewa.

Nilimwambia anipigie picha kila karatasi aliyonayo. Ana picha ya tiketi mbele na nyuma. Ana karatasi ya ratiba ya zamu, nyuma yake wameandika majina matano kwa kalamu ya buluu, kila mmoja katia dola ngapi, na saini, na tarehe ya kabla ya droo. Wenzake watatu aliwalipa kwa benki na rekodi zipo. Wa nne alimpa taslimu na hapana maandishi yoyote.

Kuna na la huku nyumbani. Katika fungu lake alinitumia dola 1,500 kwenye akaunti yangu ya PBZ tununue bati za nyumba ya mama. Mama alipojua zimetoka wapi akasema nyumba yake haiezekwi kwa pesa ya kamari, na anataka mwanawe azitoe zote. Kwa hiyo naomba mnijibu: akizitoa, kodi inaondoka? Mimi niliyepokea nadaiwa kitu na TRA au ZRA? Na uraia anaotaka kuomba, hili litamharibia?

kipanga

Dada, msimsumbue kijana. Kodi wameshaikata juu kwa juu, akae kimya. Mimi niko bara, mkeka wangu ulipotiki kampuni ikakata yake, nikachukua changu na sikujaza fomu yoyote. Hao wakaguzi wana kazi ya matajiri.

mkarafuu_Columbus

Waalaykum salaam mwalimu. Mimi mtu wa Chake, sasa niko Ohio, na msimu wa kodi najitolea kwenye kituo cha VITA, pale watu wa kipato kidogo wanapojaziwa ritani bure. W-2G nazishika sana, basi niruhusu nieleze kwa urefu.

Kipanga, kwa hisani yako, utaratibu wa bara uache bara. Kwa Marekani ile asilimia 24 ni malipo ya awali tu. Kodi yenyewe inapigwa baadaye, ushindi ukishajumlishwa na mshahara. Na W-2G haikwenda kwa kijana peke yake, nakala ya pili iko IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Akikaa kimya, mitambo yao inalinganisha ritani na zile nakala, na baada ya miezi mingi inamfikia barua ya CP2000: ulipata kiasi hiki, hukukitaja, unadaiwa hiki, na juu yake faini inayoweza kufika asilimia 20 ya kodi iliyopungua. Kwa kawaida wana miaka mitatu ya kumrudia tangu ritani iingie. Aliyeacha mapato yanayozidi robo ya yale aliyoyaandika wanaweza kumrudia mpaka miaka sita, na aliyedanganya kwa makusudi hana kikomo cha miaka. Tafadhali msimpe kijana ushauri wa kunyamaza.

Lakini mwalimu, mwambie na hili ili alale: CP2000 si ukaguzi. Ni barua ya kutaka maelezo, inajibiwa kwa karatasi, na siku ya mwisho ya kujibu imeandikwa humohumo. Hata ukaguzi wenyewe huanza kwa barua ya posta. Anayempigia simu akajiita afisa wa IRS na kutaka alipwe kwa kadi za zawadi ni mwizi, akate.

Sasa hesabu. Akiandika 50,000 peke yake, kodi ya wenziwe inaingia kichwani mwake. Akiandika 10,000 kavu bila maelezo, ndipo penye barua. Ukweli ni kwamba fungu lake ni 10,000, na si 7,600, maana kinachohesabiwa ni kabla ya makato. Kwa mshahara wa 41,000, ukitoa punguzo la kawaida la mtu asiye na ndoa, 15,750 kwa 2025, inabaki 25,250. Ongeza 10,000 bado yuko kwenye ngazi ya asilimia 12. Maana yake ushindi wake unamdai kama dola 1,200, na katika zile 12,000 zilizokatwa fungu lake ni 2,400. Akipanga karatasi zake vizuri, huenda wao ndio wa kumrejeshea. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo hapo kapumzika.

Karatasi yenyewe inaitwa fomu 5754. Imewekwa kwa ajili ya watu walioshinda kwa pamoja: aliyepokea pesa anajiandika juu, wenziwe chini, kila mmoja na kiasi chake. Anapewa mlipaji, naye anatoa W-2G ya kila mtu kwa jina lake. Kawaida hujazwa siku ya kudai. Hata hivyo aanzie hapo, arudi kwa mlipaji na 5754 iliyojaa aombe W-2G zitolewe upya. Wakikataa, atakuwa amepokea kwa niaba ya wenziwe: anaonesha 50,000 nzima kwenye ritani, na anatoa 40,000 za wenziwe kwa maelezo ya wazi. Hapo, hasa kwenye kugawana zile 12,000 zilizokwishakatwa, asijaze kwa kubahatisha wala asije kwetu VITA. Atafute mhasibu mwenye leseni ya kuwakilisha watu mbele ya IRS. Ada yake ni ndogo kuliko usumbufu wa miaka miwili ya barua.

Ile karatasi ya zamu ni lulu, kwa sababu imesainiwa kabla ya droo. Aiweke asili yake mahali pakavu. Yule wa taslimu amwandikie leo kwamba kapokea 7,600 tarehe fulani, aitie saini. Na tiketi zote zile ni karatasi zinazochapwa kwa joto, maandishi yanafifia mpaka inabaki nyeupe, kwa hiyo picha ni lazima.

Pesa za tiketi alizokosa kwa mwaka mzima ataambiwa azitoe kwenye hesabu ya kodi. Zinatolewa kwenye Jedwali A tu, fomu ya kuorodhesha makato mojamoja, kwa anayeacha punguzo la kawaida, na hazizidi kiasi alichoshinda. Kwa mtu wa kipato chake punguzo la 15,750 litakuwa kubwa kuliko tiketi zake, basi aachane nazo. Ushindi wenyewe unaingia Jedwali la 1 la fomu 1040, ndiyo ritani yenyewe, mstari wa 8b. Siku ya mwisho ni tarehe 15 Aprili.

Kuhusu uraia, fomu ya maombi inauliza kama unadaiwa kodi iliyopitwa na wakati, na inauliza kamari iliyo kinyume cha sheria. Bahati nasibu ya jimbo ni halali kwa sheria yao. Kitakachomwangusha ni kodi iliyofichwa. Iliyotajwa na kulipwa haina neno.

Na akizitoa zote sadaka, kodi bado ipo. Alizipata, basi zinahesabiwa. Sadaka inayopunguza kodi ni ile ya taasisi zinazotambuliwa na IRS, na kwa 2025 ni kwa anayejaza Jedwali A. Maskini wa Wete hawamo humo.

hesabu_Darajani

Niongeze la huku kwetu. Mwalimu, kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hapa Zanzibar inakusanywa na TRA. ZRA wao wana VAT ya ndani na kodi nyengine za Zanzibar. Kinachotozwa kodi ya mapato ni ajira, biashara na uwekezaji. Ndugu yako kukutumia dola 1,500 za bati si lolote katika hayo matatu, kwa hiyo hudaiwi. Benki wakikuuliza zimetoka wapi, sema zimetoka kwa ndugu yako, na weka risiti ya muamala.

Upande wake pia zawadi hiyo haina fomu, maana kwa 2025 mkaazi wa Marekani anaweza kumpa mtu mmoja mpaka dola 19,000 bila kuripoti. Ila muulize kama jina lake limo kwenye akaunti yako au ana akaunti yake huku. Akiba zake zote nje ya Marekani zikipita jumla ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna taarifa nyengine kabisa anatakiwa apeleke. Wazanzibari wengi wa kule hawalijui hili, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko tiketi yenyewe.

MzeeMkoani

Binti yangu, mama mwacheni na msimamo wake, na msimfiche kitu. Tulivyosomeshwa, mali ya aina hiyo huondoshwa kwa kupewa wenye shida au mambo ya watu wote, bila ya kutaraji thawabu ya sadaka. Kamuulizeni sheikh wa mtaa wenu, yeye atawapa undani. Lakini naona mnachanganya mambo mawili. Kodi ya kule ni deni alilolikubali alipoingia nchi yao na kupewa makaazi. Deni linalipwa kwanza. Asije akagawa zote leo, Aprili akatafuta cha kulipia.

MwalimuWete

Mungu akulipeni kheri nyote. Nimempigia, nikamsomea neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nimemsikia akiuliza maswali badala ya kulalamika. Akaunti ni yangu peke yangu, jina lake halimo. Mama nimemweleza habari ya deni, kakubali: 1,500 hazigusi bati, zinakaa PBZ mpaka kodi imalizike, kisha tutakwenda kwa sheikh.

Mwenzao mmoja kashahamia Dallas. Wamepanga kuonana Jumamosi wote watano wajaze hiyo 5754, na yule wa taslimu kasema yuko tayari kusaini. Mkarafuu, waende na nini?

mkarafuu_Columbus

Kila mmoja na namba yake ya Social Security na anuani anayoishi sasa, huyo wa Dallas asiandike ya Houston. Mafungu yajumlishwe yafike 50,000 kamili. Mdogo wako atie saini yake na tarehe, kwa sababu kodi ilikatwa na anaapa kwamba maelezo ni ya kweli. Wapige nakala tano kabla ya kuipeleka, na kwa mlipaji aombe uthibitisho wa maandishi kwamba wameipokea. Wakimkatalia, aandike tarehe na alichoambiwa, aende navyo kwa mhasibu wiki hiyohiyo.