Gauni la marinda la Fortuny: kikundi cha mafundi wa mtaani, Lamu

*Dada Mkomani:* Asalaam aleikum. Bi harusi ataka gauni la marinda membamba kama Delphos, lile gauni la hariri la mbunifu Fortuny wa Venice, avae usiku wa kupamba. Nyonga 104, bega hadi sakafu 150. Ninunue mita ngapi?

*Shangazi Langoni:* Waaleikum salaam mwanangu. Pande 4 za upana wa 115, kila moja sentimita 160. Mita 6 na nusu. Usipunguze, nyonga zitayavuta marinda yafunuke.

*Bi Shela:* Kitambaa gani?

*Dada Mkomani:* Nafikiria hariri, ndiyo ya asili.

*Bi Shela:* Hapana shoga. Hariri ikilowa, marinda yamekwenda. Waliokuwa na magauni ya Delphos walikuwa wakiyarudisha kwa Fortuny Venice yakunjwe upya. Chukua satini ya poliesta, hiyo ikipata joto huyashika marinda. Dukani choma uzi mmoja: ukiyeyuka ukaacha kitone kigumu, ni poliesta. Ukinuka nywele ukawa jivu la kuvurugika, ni hariri.

*Shangazi Langoni:* Unga pande mbilimbili, mbele na nyuma, ukunje na pindo kabisa. Halafu piga bandi kwa mkono, mistari ya kukata upana, kila sentimita 5. Sindano iingie na kutoka kila sentimita 1, na matundu ya mistari yote yafuatane wima. Mstari mmoja ukihama, rinda litapinda hapo na pasi hairekebishi. Uzi uwe mweupe, wa rangi huchuja.

*Dada Mkomani:* Kisha navuta?

*Shangazi Langoni:* Vuta nyuzi za bandi pande zote mbili mpaka kitambaa kiwe kama kamba, funga, zungushia shuka ya pamba. Mvuke dakika 45, maji yasikiguse. Usifungue kingali moto! Kiache kipoe usiku kucha, ndipo ufumue bandi.

*Bi Shela:* Ubavuni shona kwa mkono, mshono mlegevu, kisha pitisha kamba yenye shanga za kioo. Za Fortuny zilitoka Murano, kisiwa cha Venice cha mafundi wa kioo, na si pambo tu: uzito wake ndio unaolivuta gauni literemke mwilini. Za plastiki ni nyepesi mno.

*Dada Mkomani:* Nilitundike mpaka siku yenyewe?

*Bi Shela:* La! Mabega yatarefuka. Lisokote kama kilemba, ulizungushe ndani ya boksi. Na shumizi asisahau, satini hugandana na miguu.