Kwa nini jimbo la Bremen liko vipande viwili?

Swali
Wakuu habari zenu, juzi nilikuwa napitia ramani ya Ujerumani nikakuta jimbo la Bremen limekatika, kipande kimoja ni mji wenyewe wa Bremen halafu kingine kiko kule juu Bremerhaven mto Weser unapoingia baharini, kama kilomita 60 hivi, na hapo katikati kote ni jimbo jingine, Niedersachsen. Kwa nini wasiunganishwe tu na hao majirani? Mwenye kujua anisaidie maana limenikaa kichwani.

Jibu 1
Mkuu chanzo ni huo huo mto. Weser ilikuwa inajaa mchanga, meli kubwa zikawa hazifiki tena Bremen, na mji ule unaishi kwa biashara ya bahari. Ndo meya wao Johann Smidt mwaka 1827 akanunua kipande cha ardhi kutoka ufalme wa Hannover, pale mto Geeste unapomwagikia Weser, wakachimba bandari mpya. Bremerhaven maana yake ni bandari ya Bremen. Mimi huyu mzee namkubali sana, aliona mbali.

Jibu 2
Hapo uko sahihi ila kilichowaokoa wasimezwe ni Wamarekani. Baada ya vita 1945 kaskazini magharibi yote walishika Waingereza, Wamarekani wao wako kusini huko Bavaria hawana bahari, sasa askari na mizigo vipite wapi? Wakapewa Bremen na bandari yake, ikawa kama kisiwa ndani ya kanda ya Waingereza. Kwa hiyo Niedersachsen inaundwa 1946 Bremen haimo, na 1947 ikawa jimbo kamili, Bremerhaven ikarudishwa kwao maana 1939 ilikuwa imeunganishwa na mji jirani wa Wesermünde uliokuwa chini ya jimbo la Prussia. Hata yule mwanamuziki wa Marekani Elvis Presley alipopelekwa jeshini Ujerumani 1958 meli yao ilitia nanga hapo hapo Bremerhaven.

Jibu 3
Kuna kitu hamjakisema, vuta ramani karibu kabisa pale Bremerhaven utaona eneo kubwa la bandari upande wa kaskazini si la mji wa Bremerhaven, ni la mji wa Bremen, yaani kipande ndani ya kipande. Na jimbo zima halizidi sana kilomita za mraba 420, dogo kuliko yote Ujerumani, lakini kwenye Bundesrat, lile baraza la majimbo la Ujerumani, lina kura 3 sawasawa na jimbo la Hamburg.

Muuliza swali
Nimevuta nimeuona huo mpaka, unapita katikati ya magati kabisa! Asanteni sana wakuu, hiyo ya Wamarekani kukosa bahari ndo imenifungua macho.