Wafadhili wanabana mkono. Dawa za UKIMWI, TB na malaria tuzilipie kwa tozo?

Mpangaji wa Sinza (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Hili limenikaa kifuani toka mwanzoni mwa 2025, leo nalitua hapa.

Dada yangu anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, mwaka wa kumi na moja sasa. Ameniruhusu kuandika. Alishazoea kupewa dawa za miezi sita. Februari 2025 tulifika kliniki tukaambiwa chukueni za mwezi mmoja kwanza, hali ikitulia mtarudishiwa utaratibu wenu. Hilo tulilimeza. Kilichoniuma ni meza ya mlangoni. Pale alikuwa anakaa kijana mmoja wa kumbukumbu, anatafuta faili kwenye kompyuta, na ukipitisha tarehe yako anakupigia simu: "Dada, vipi, mbona hatujakuona?" Mkataba wake ulikuwa wa mradi. Siku ile kiti kipo, kompyuta imefunikwa kitambaa, nesi mmoja anachambua mafaili kwenye boksi la mafuta ya kula, na sisi kama arobaini hivi kwenye mabenchi. Dada alikuja kufungua genge lake saa nane mchana.

Kwa asiyefuatilia: tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulichangisha Johannesburg mwezi Novemba. Walilenga dola bilioni 18, zikaahidiwa bilioni 11.34. Mara ya mwisho, 2022, zilipatikana bilioni 15.7. Kwa hiyo si Mmarekani peke yake. Waingereza nao walipunguza, kutoka pauni bilioni 1 hadi milioni 850.

Msimamo wangu: tujilipie, tuanze na dawa. Dozi ya mwaka mzima ya ARV, zile za kidonge kimoja kwa siku, Mfuko wa Dunia tangu 2023 unainunua kwa chini ya dola 45. Wanaoishi na VVU hapa Tanzania tukadirie milioni 1.7. Kwa dola ya Sh2,500 hiyo ni kama Sh190 bilioni kwa mwaka, dawa tupu, hujaweka vipimo wala mshahara wa yule kijana. Ni nyingi, lakini si za kutushinda. Kwenye bajeti ya 2025/26 serikali tayari ilipendekeza tozo kwenye baadhi ya bidhaa na huduma, vileo vikiwemo, ziende Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Mimi naunga mkono. Karibuni mnipinge.

Bajaji Rangi Tatu

Kaka, pole sana na dada. Ila mimi nikisikia neno tozo mkono unaenda mfukoni wenyewe, kuhakikisha pochi ipo.

Julai 2021 tuliamka tumewekewa tozo ya miamala, kuanzia Sh10 mpaka Sh10,000 kutegemea unachotuma. Mimi namtumia mama elfu hamsini Muheza kila mwisho wa mwezi. Nikasusa, nikawa nampa konda wa basi bahasha. Mbili zilifika. Ya tatu ilifika na elfu thelathini na tano. Septemba wakapunguza asilimia 30, mwaka uliofuata wakapunguza tena. Tuliambiwa zinajenga vituo vya afya na madarasa. Vimejengwa, sikatai, kimoja napita mbele yake kila siku. Ukiingia ndani unaandikiwa dawa ukanunue nje.

Mpangaji wa Sinza

Mkuu, tozo ya miamala ilikosea pa kugusa. Ilikamata hela ikiwa njiani, ya mgonjwa na ya mzima sawasawa, na ya mama wa Muheza pia. Mimi nasema bia, sigara, na mikeka ya kubeti. Jumamosi moja ya mikeka pale Manzese inalisha kliniki mwezi.

Bajaji Rangi Tatu

Mikeka usiiguse hahaha. Bia sawa, mimi sinywi.

Mama Nesi Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Naona mnazungumza kama vile kidonge kilikuwepo siku zote.

Nilikuwa wodini miaka ya tisini mpaka 2011. Mwishoni mwa tisini dawa hizi zilikuwa zaidi ya dola elfu kumi kwa mtu mmoja kwa mwaka. Tulizisikia redioni tu. 2001 kampuni ya dawa ya Cipla ya India ikatangaza itauza kwa dola 350 kwa mwaka, na hata hiyo nani alikuwa nayo? Sisi tulichokuwa nacho ni kubadilisha mashuka. Mafundi wa majeneza walihamia karibu na geti la hospitali, asubuhi unasikia randa kabla hujavaa gauni la kazi. Huduma ya ARV ya taifa imeanza 2004, na hela kubwa ilikuwa ya PEPFAR, mpango wa UKIMWI wa Rais Bush wa Marekani, na ya huo Mfuko wa Dunia. Kuna watu niliwafunga kidevu ambao, kama wangeugua miaka mitano baadaye, wangeishi.

Kwa hiyo kijana wa Sinza, kujilipia sawa. Lakini msiwaachie hawa wakubwa waondoke kimyakimya kama mgeni aliyevunja sahani. TB haiombi viza. Anayekohoa Tandale na kuacha dawa mwezi wa tatu kati ya sita, TB yake iliyokuwa sugu kwa dawa itapanda ndege na mtu mwingine kabisa. Wanachangia kujilinda na wao, siyo sadaka.

Mpangaji wa Sinza

Shikamoo mama. Hapo umenishika. Nilikuwa nimeandika kama vile wana hiari.

Mhasibu Mbishi

Mada nzuri, hesabu nusu.

Kodi ya kusudio maalumu siyo ngeni. Zimbabwe wana kodi ya UKIMWI ya asilimia 3 juu ya kodi ya mapato, ya mtu na ya kampuni, tangu 2000. Ilinunua dawa kweli. Lakini 2008 mfumuko wa bei uliitafuna mpaka haikuwa na maana, na inawabana zaidi walio kwenye ajira rasmi. Sisi wengi tupo mtaani kama huyu wa bajaji. Ndiyo maana tunakimbilia bia.

Hofu yangu ni nyingine. Abuja 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Robo karne hiyo, na sisi hatujafika. Mfuko wetu wa UKIMWI umeanzishwa kisheria 2015, miaka kumi kabla ya Trump kutuamsha. Tozo mpya ikiingia kwa mlango wa mbele, Hazina inaweza kutoa kiasi kilekile kwa mlango wa nyuma: "Afya si wana tozo yao?" Mwisho wa mwaka jumla ni ileile, bia tu imepanda. Nipeni kifungu cha sheria kinachozuia hilo, nitasaini.

Mchicha wa Jangwani

Mnaongea vidonge tu, malaria mmeitaja kwenye kichwa cha habari basi. Kibaha pale, mwendo wa saa moja foleni ikikuhurumia, kuna kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Kimefunguliwa 2015. 2017 Magufuli alifika mwenyewe, akaagiza halmashauri zote zinunue. Agizo la rais! Sasa nenda bonde la Msimbazi uangalie mitaro inavyocheza na viluwiluwi. Hapo mfadhili yupi katukimbia?

Bajaji Rangi Tatu

Eeeh, huyu ndiye nilikuwa namsubiri.

Mpangaji wa Sinza

Mhasibu, kifungu sina. Nitasema ninachotaka kukiona mimi kama mlipaji: kila zahanati na kila kliniki ibandike ukutani dawa zilizopokelewa mwezi huu kutoka Bohari ya Dawa, zilizobaki, na zilizolipiwa na tozo. Kwa Kiswahili, maandishi makubwa. Ikipita miezi miwili hakuna kibao, tozo isimame. Bajaji, kwa masharti hayo utalipa?

Bajaji Rangi Tatu

Jero kwa siku nalipa. Kibao kitangulie.

Mama Nesi Mstaafu

Kwetu huku Temeke kibao kipo, mwanangu, tena cha zamani. Kimeandikwa kwa chaki. Jana nilipita kuchukua dawa zangu za presha nikakisoma: mara ya mwisho kimejazwa Agosti, mwaka haujaandikwa.