Davis, de Havilland, Hepburn: nani aliwaweza wenye studio?

MpenziWaZamani: Wakuu, tuweke kando hesabu ya Oscar, maana Katharine Hepburn anazo nne na mjadala utaishia hapo. Nauliza jingine. Hollywood ya enzi zile, studio ilimfunga mwigizaji kwa mkataba wa miaka saba. Ukikataa filamu uliyopangiwa, unasimamishwa bila mshahara, na muda uliokaa nje unaongezwa mwishoni mwa mkataba. Waigizaji hawa watatu wa kike, Davis, de Havilland na Hepburn, waligoma, kila mmoja kivyake. Kura yangu ni kwa Bette Davis. Mwaka 1936 aliwakimbia studio yake, Warner Bros., akaenda Uingereza kutafuta kazi, wakamfuata hadi mahakamani London.

BintiMvita: Na kesi akashindwa! Sasa unampigia kura ya nini?

MpenziWaZamani: Alishindwa kesi, lakini aliporudi walianza kumpa kazi za maana. Filamu ya Jezebel ya 1938 ikamletea Oscar ya pili.

WakiliMstaafu: Hiyo ilikuwa nafuu ya Davis peke yake. Olivia de Havilland aliwafungulia mlango waigizaji wote. Miaka yake saba ilipotimia 1943, Warner wakamwambia bado wanamdai miezi kadhaa, ile aliyosimamishwa. Akawapeleka kortini California kwa kutumia kifungu cha sheria ya kazi kilichokuwapo tayari: miaka saba ni ya kalenda, basi. Akashinda, wakakata rufaa, akashinda tena Desemba 1944. Mpaka leo huko wanaiita sheria ya De Havilland. Na hakushinda bure, maana Jack Warner, bosi wa Warner, aliziandikia studio nyingine zisimpe kazi.

Juma_Sinema: Hepburn mnamruka kwa sababu hakwenda kortini? Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja hadharani miongoni mwa nyota wanaowatia hasara. Studio yake, RKO, nao wakamtupia filamu ya hovyo. Akatoa fedha zake akajinunua kwenye mkataba. Mwaka uliofuata akapanda jukwaani Broadway, kwenye kumbi za tamthilia za New York, na mchezo wa The Philadelphia Story, huku haki za filamu ziko mkononi mwake. Studio ya MGM walipoitaka hadithi wakakuta mwenye mali ni yeye: mhusika mkuu aigize yeye, na mwongozaji awe George Cukor. Hakimu wa nini tena?

BintiMvita: Kaka Juma, malizia basi. Hizo haki alinunuliwa na Howard Hughes, tajiri wa ndege! Mwigizaji asiye na rafiki kama huyo angefanyaje? Mimi niko na wakili.

Juma_Sinema: Hughes alinunua, sawa. Masharti kwa MGM alitoa nani?

MgeniHapa: Samahanini wakuu, mimi sijamwona hata mmoja. Nianze na ipi?

WakiliMstaafu: The Heiress ya 1949, iliyompa de Havilland Oscar ya pili baada ya kesi. Ukimtaka Hepburn, kuna The African Queen, iliyopigwa Kongo na Uganda mwaka 1951.

Juma_Sinema: Aanze na hiyo ya pili, wakili. Mamba wa Uganda kwanza, mikataba baadaye.